Kulabu Zilizofungiwa Stoo

Kama kuvunja vitu kungekuwa dhambi, Shangazi angekuwa amekwisha kuhukumiwa zamani. Kazi iliyomlisha tangu ujanani ni hiyo: kuvunja vitu vya watu kwa idhini yao. Kamba, minyororo, boliti, mikanda ya kufungia mizigo, vyote vilifika mezani pake vikiwa vizima vikaondoka vipande, na mwenye mali akashukuru. Alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kuvuta katika maabara ya kupima ubora wa vifaa. Mashine yenyewe ilikuwa na taya mbili za chuma, moja juu na moja chini. Kitu kiling'atwa pande zote mbili, kisha taya ya juu ikapanda polepole mpaka kitu kikatike, na sindano ya kipimo ikabaki palepale ilipofika, kama kidole cha shahidi anayeonyesha mwizi.

Jina la Shangazi alilipata siku mtoto wa mdogo wake alipoletwa kazini moja kwa moja kutoka shule, akaliita kwa sauti iliyopasua korido nzima. Tangu hapo hata mkuu wa maabara, mtu mwenye mvi na tai, alimwita hivyo.

Tabia yake ilifanana na kazi yake. Kitu ambacho hakijavutwa hakukiamini. Maziwa aliyanusa kabla hayajamiminwa. Fundi wa mabomba alipokuja nyumbani, aliketi naye chini ya sinki tangu mwanzo hadi mwisho, akimshikia tochi na kumuuliza kila nati inakwenda wapi. Mdogo wake alipomleta mchumba, Shangazi alimpokea vizuri sana, akampa kiti kizuri, kisha kwa wiki kadhaa akamuuliza swali lilelile kwa namna tofauti, aone kama jibu litabadilika. Jibu halikubadilika, wakaoana. Mpaka leo wifi yake akiulizwa aliolewaje, husema, "Nilifaulu mtihani wa marudio."

Mdogo wake huyo ndiye ndugu pekee aliyekuwa amebaki naye katika dunia hii. Alimlea tangu wazazi wao walipofariki, yeye akiwa msichana na mwenzake akiwa bado hajui kufunga viatu. Mdogo huyo alipokua alichagua kazi ya kupanda minara ya simu, kazi ambayo dada yake hakuweza kuitazama. Shangazi alipita njia ndefu kwenda sokoni ili asiuone mnara uliokuwa mtaani kwao.

Siku mtafiti mpya alipoanza kazi, Shangazi alimtazama kwanza viatu. Viling'aa. Mtu mwenye viatu vinavyong'aa ndani ya chumba cha vumbi la chuma, aliwaza, ama ni mgeni ama hana nia ya kufika karibu na mashine. Kijana alikuwa na shahada ya juu, sauti ya upole, na njia yake mpya ya kupima. Hapo zamani maabara ilipanga idadi kubwa ya sampuli na kuzivunja zote, hata kama habari ilikuwa imejulikana mapema. Mtafiti alisema huko ni kuchoma muda na mali. Yeye angevuta kitu kimoja, akatazama, kisha akaamua kama avute kingine au aache.

Kwenye ubao alichora mistari miwili iliyolala mshazari, ikipanda pamoja kama kingo za barabara ya mlimani. Kifaa kikishika hadi alama iliyowekwa, nukta ilisogea kulia. Kikikatika kabla ya alama, nukta iliruka juu. Nukta ikiingia chini ya mstari wa chini, shehena nzima inakubaliwa. Ikipita juu ya mstari wa juu, inakataliwa. Ikiwa bado katikati ya barabara, vuta kingine. Sharti lilikuwa moja tu, nalo alilirudia kama mwalimu wa hesabu: mistari ichorwe kabla ya kitu cha kwanza kuvutwa, na ikishavukwa, mkono utoke kwenye mashine.

"Ni kama kuonja mchuzi," alisema. "Mpishi hamalizi sufuria ndipo ajue chumvi imekolea."

Fundi wa umeme alisema wapo wapishi anaowajua wanaomaliza sufuria, watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alimjibu mtafiti kwamba haraka haraka haina baraka. Mtafiti naye, kwa adabu zote, akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Basi wakawa sare kwa methali, na jina la utani likazaliwa papo hapo. Kwa kuwa kila mstari ulipovukwa kijana alisema "inatosha", walimwita Bwana Inatosha.

Kabla ya kuanza kazi yoyote kwa njia hiyo, aliitisha kikao. Aliuliza jambo ambalo Shangazi hakuwahi kulisikia likiulizwa na mtu timamu: tukikosea, afadhali tukosee upande upi, na kwa kiasi gani? Kukataa shehena nzuri ni kosa, kukubali shehena mbaya ni kosa, na hakuna kipimo kisicho na hata chembe ya yote mawili. Mistari ingewekwa karibu au mbali kulingana na jibu lao. Watu walitazama meza. Shangazi alimtazama mtafiti. Mtu mwaminifu, alijiambia, haanzi kazi kwa kuomba nafasi ya kukosea. Akafunga mdomo, akaamua kumchunga. Mkuu, kwa kuwa kimya kilikuwa kirefu na alikuwa na mgeni ofisini, akasema iwekwe mistari ya kawaida. Ikawekwa.

Zikaja kulabu.

Zilikuwa kulabu za chuma za mikanda ya usalama, zile ambazo mpanda minara hujifunga nazo kwenye vyuma huko juu ili mguu ukiteleza asianguke. Zilikuja kwenye maboksi yaliyojaa nusu ya stoo, na kwenye kila boksi palikuwa na jina la kampuni ambayo mdogo wake aliifanyia kazi. Shangazi alilisoma jina hilo, akavaa miwani ya kinga.

Kazi ilikwenda kwa kasi iliyomuudhi. Kulabu ya kwanza ilishika. Iliyofuata ikashika. Nukta ilitembea kulia, ikatembea tena, na kabla hata mafuta ya mashine hayajapata joto, ikaingia chini ya mstari wa chini. Mtafiti akasema neno lake, akanawa mikono, akatoka. Kwenye meza zilibaki kulabu nyingi za sampuli ambazo hazikuguswa.

Shangazi alikwenda dirishani kupunga upepo. Uani aliliona gari la wakala wa kiwanda cha kulabu. Wakala alikuwa ameegemea mlango, akicheka. Aliyekuwa akicheka naye alikuwa Bwana Inatosha. Kisha mtafiti akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akaingia, na gari likaondoka.

Lisemwalo lipo, alijisemea, ingawa hapakuwa na mtu aliyekuwa amesema lolote.

Wenzake walipokwenda kula, alibaki. Aliwasha mashine, akachukua kulabu moja kati ya zile zilizosalia, akaivuta. Ilishika. Akachukua nyingine, nayo ikashika. Hakuchora nukta yoyote, maana alikuwa anaitafuta iliyo mbovu, na nzuri hazikuwa na habari kwake. Aliendelea. Kila iliyoshika ilimkasirisha zaidi, kama shahidi aliyefundishwa la kusema. Jasho lilimtoka chini ya miwani. Mwishowe moja ikapasuka kwa mlio wa bastola, sindano ikiwa imesimama chini kidogo ya alama. Shangazi alizima mashine papo hapo. Aliiokota ile kulabu ikiwa bado ya moto, akaifunga kwenye leso, akaenda nayo ofisini kwa mkuu akihema kama aliyepanda mnara mwenyewe.

Mkuu aliitazama kulabu, akaitazama leso, akasikiliza habari ya gari. Kisha akafanya kama afanyavyo mkuu yeyote anayetaka kulala vizuri. Shehena ikafungiwa stoo kwa kufuli. Mtafiti aliporudi aliambiwa asiguse ubao wala mashine mpaka jambo lichunguzwe, akapewa kiti kwenye korido. Wenzake walipita mbele yake wakitazama ukuta. Fundi wa umeme alinong'ona kwamba sasa jina lake libadilishwe, aitwe Bwana Haitoshi. Shangazi alisikia, na moyoni akaona utamu kidogo, ule wa mtu aliyesema mapema.

Jioni hiyo alikwenda kwa mdogo wake akiwa na habari mdomoni kama zawadi. Wifi yake alimkaribisha chakula, watoto wakamvamia. Alieleza yote: gari, kicheko, kulabu kwenye leso, kufuli la stoo. Alitegemea shukrani. Mdogo wake aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo hazitoki," alisema.

"Zitoke ziende wapi? Nimekuokoa na kifo."

Mdogo wake alimtazama mkewe, mkewe akainamia sahani. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mkanda wake wa kazini. Aliuweka mezani katikati ya vyombo. Shangazi hakuwahi kuuona kwa karibu. Siku zote ulikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ulikuwa juu ya kabati. Aliigeuza kulabu yake kwa kidole. Ulimi wake, ule unaofunga mdomo wa kulabu usiachie, ulikuwa umelegea ukining'inia. Ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

"Hii ni nini?" aliuliza, ingawa aliona.

"Ndiyo ninayopandia."

"Tangu lini?"

"Tangu hizo mpya ziagizwe. Dada, ulidhani tunazisubiri tukiwa chini?"

Alimwambia asipande kesho. Mdogo wake akasema kesho mnara uko palepale, na asipopanda yeye atapanda mwenzake ambaye kulabu yake ni mbaya kuliko hii. Hakusema kwa ukali. Wifi ndiye aliyesema kwa ukali, baada ya kuwatoa watoto nje. Alisema walimficha Shangazi kwa sababu walijua angelala mlangoni asitoke mtu, na kwamba yeye mwenyewe kila asubuhi huufunga ule mpira kwa mikono yake.

"Wewe unamchunguza kila mtu," alisema. "Muuza maziwa unamchunguza. Sisi tuliokaa nawe hapa, ukatuamini vipi?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Shangazi alikuwa ameifua nguo hiyo miaka yote bila kuitazama upande wa ndani.

Asubuhi alifika kazini kabla ya wote isipokuwa mmoja. Mtafiti alikuwa tayari kwenye kiti chake cha korido, magoti pamoja, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Shangazi aliketi kiti cha pili. Hakumsalimu kwanza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Lile gari," alisema.

"Nilikuwa nachelewa kumchukua mwanangu kliniki. Nikaomba lifti."

"Kwa wakala wa kulabu."

"Kwa mwenye gari. Sikufikiria."

"Msomi mzima, hukufikiria."

"Sikufikiria, Shangazi."

Alimtazama machoni. Huenda ilikuwa kweli. Huenda aliifanyia mazoezi usiku kucha. Kwa hilo hakukuwa na mashine. Kijana akauliza kwa sauti ileile ya upole iliyokuwa ikimuudhi:

"Ile kulabu ya kwenye leso, isingekatika, ungeachia wapi?"

Shangazi aliirudia ile saa ya chakula kichwani: kulabu baada ya kulabu, mkono hautaki kutoka. Kama ile isingekatika angevuta iliyofuata. Kama sampuli zingeisha angevunja kufuli la stoo.

"Barabara yako ilikuwa na ukingo mmoja," mtafiti alisema. "Ukivuta bila mahali pa kuachia, mwisho utaipata iliyokatika. Hata kwenye kulabu bora kuliko zote."

"Na hiyo iliyokatika ikiwa ya mdogo wangu?"

"Ndiyo maana niliuliza kikaoni. Nikakutazama wewe hasa, kwa sababu mashine ni yako. Ukanitazama viatu."

Neno hilo lilimwingia. Si kwamba sasa alimwamini. Aliona tu kwamba, mwaminifu au la, kijana aliuliza swali hadharani na kulisubiri, na yeye, bingwa wa maswali, aliliacha lipite kwa kuwa alikuwa anamchunguza muulizaji. Na sasa, wakati wameketi hapa, watu walikuwa wakifunga mipira ya baiskeli viunoni.

Walikwenda kwa mkuu pamoja, kila mmoja akitembea upande wake wa korido. Shangazi alisema hataki uchunguzi wa mtu, anataka kipimo kirudiwe leo. Akasema mistari ya kawaida haifai kwa kitu kinachoshika mtu. Mstari wa kukubali usogezwe mbali, hata kama kazi itakuwa ndefu. Mtafiti alisema inawezekana, akaeleza itakavyokuwa: kulabu nyingi zaidi zitavutwa, na shehena nzuri itakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukataliwa bure. Je, hilo wanalikubali? Safari hii hakuna aliyetazama meza; walikubali. Mkuu aliuliza kama ile kulabu ya kwenye leso ihesabiwe. Mtafiti akasema haiwezi, kwa kuwa iliwindwa. Kama ubovu upo kwenye maboksi, utajitokeza tena wenyewe. Shangazi alikunja uso. Lakini hata yeye aliona kwamba kuihesabu hiyo na kuzisahau zote zilizoshika kabla yake kungekuwa wizi, hata kama mwizi ni yeye.

Mashaka yake hakuyaacha nje ya mlango. Alitaka kulabu zitolewe kwenye kila boksi, juu na chini na katikati, naye mwenyewe achague huku akiwa amefumba macho. Alitaka mkuu ndiye achore nukta. Alitaka mtafiti asimame mbali, mikono nyuma. Mtafiti alikubali yote bila kununa, na hilo nalo alilitilia shaka.

Wakaanza. Kulabu za mwanzo zilishika, kisha moja ikakatika. Nukta ikaruka juu kuelekea mstari wa kukataa. Shangazi aligeuka na uso wa nimewaambia, mkono tayari kwenye swichi. Lakini nukta ilikuwa bado ndani ya barabara. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliushusha mkono mwenyewe, akaweka nyingine, na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuvunja vitu, alijikuta anaiomba ishike. Ikashika. Ikashika iliyofuata. Nukta ilitembea kulia kwa mwendo wa kobe, mstari wa chini ukiisubiri mbali palepale alipoutaka yeye. Chai ililetwa ikapoa. Fundi wa umeme aliingia na mzaha wake, akaona nyuso, akatoka nao.

Nukta ilipovuka mstari wa chini, mkuu aliweka kalamu chini. Kulabu nyingine ilikuwa tayari kwenye kiganja cha Shangazi, baridi, nzito. Moja tu zaidi isingemuumiza mtu. Alijua sauti hiyo ilikotoka, na alijua baada ya moja tu ingesema moja tu. Aliirudisha kwenye boksi, akazima mashine, akaomba ufunguo wa stoo.

Alisisitiza kupanda gari la mizigo pamoja na maboksi. Dereva aliuliza kama anaogopa yatapotea njiani. Alimjibu kwamba hata yeye dereva hamjui, na safari nzima akakaa amelikumbatia lile la juu.

Mnara ulikuwa kwenye uwanja wa majani nyuma ya karakana. Hakuweza kuzunguka njia ndefu. Barabara ilikwenda hapo na kuishia hapo. Aliteremka, akainua kichwa, akalazimika kutazama. Juu kabisa, mahali ambapo vyuma vinakuwa vyembamba kama sindano za kushonea, palikuwa na mtu mdogo mwenye kofia ya njano. Msimamizi alimwita kwa redio. Yule mtu aliachia mkono mmoja, akahamisha kulabu, akateremka, akahamisha tena. Shangazi alihesabu kila kuhamisha kwa kuuma midomo, mpaka viatu vya mdogo wake vikagusa majani.

Hakumkumbatia. Alimfungua ile kulabu ya zamani kiunoni, akaitia mkobani mwake. Akatoa mpya, akaufungua na kuufunga ulimi wake karibu na sikio, akamfunga nayo. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, mwanamume mzima akayumba na wenzake wakaangua kicheko.

"Umeridhika, dada?"

Aliitazama kulabu, akamtazama yeye, akautazama mnara.

"Hapana," alisema. "Panda."